Moshi hufuata umbo la jiji

Mwaka 1990 Atlanta, Marekani, ilikuwa na watu takriban milioni 2.5. Barcelona, Hispania, ilikuwa na watu milioni 2.8. Miji hiyo ilikaribiana kwa idadi ya watu, lakini eneo lililojengwa la Atlanta lilitanda kilomita za mraba zipatazo 4,280, na la Barcelona 162 tu. Ungeweza kuipachika Barcelona nzima ndani ya Atlanta mara 26 na nafasi ikabaki.

Waulize watu wawili ni wapi hewa ilikuwa safi zaidi. Wa kwanza atasema Atlanta, kwa kuwa kuna nafasi, kuna miti na upepo unapita. Wa pili atasema Barcelona, kwa kuwa mtu anakwenda kazini kwa miguu au kwa treni na gari halina ulazima. Kila mmoja ameshika nusu ya jibu. Watu wa Atlanta waliendesha magari masafa marefu kila siku hata ozoni, gesi inayodhuru ikiwa karibu na ardhi, ikavuka kiwango, na mwaka 1998 eneo hilo likazuiwa kutumia fedha za serikali kuu kwa barabara mpya mpaka mipango yake ilingane na sheria ya hewa safi. Barcelona nayo ilishindwa kwa miaka mingi kutimiza kikomo cha Ulaya cha nitrojeni dioksidi, gesi ambayo mjini hutoka hasa kwenye injini za magari. Desemba 2022 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Hispania ilikuwa imevunja sheria kwa sababu ya hewa ya Madrid na ya eneo la Barcelona.

Ubishi wa mji uliobanana na mji uliotawanyika hauishi kwa sababu maswali mawili hujibiwa kana kwamba ni moja. La kwanza: jiji linatoa moshi kiasi gani? La pili: katika moshi huo, ni kiasi gani kinaishia kwenye mapafu ya watu? Umbo la jiji linagusa yote mawili, na mara nyingi linayavuta pande tofauti.

Kinachoungua na kinachovutwa

Swali la kwanza si gumu sana. Mji ukitawanyika, nyumba inakuwa mbali na kazi, shule inakuwa mbali na nyumba, na basi halipiti kwa kuwa abiria wa kulijaza hawapo. Kila haja ndogo inakuwa safari ya gari. Mwaka 1989 watafiti wa miji Peter Newman na Jeffrey Kenworthy waliiweka miji mikubwa ya dunia kwenye grafu moja, na mstari uliojitokeza ulikuwa wazi: petroli inayochomwa kwa kila mkazi inapungua kadiri watu wanavyokaa karibukaribu, Houston ikiwa kileleni upande mmoja na Hong Kong ikiwa chini upande wa pili. Wakosoaji walisema bei ya mafuta na kipato navyo vina mchango wake. Ni kweli, vina mchango. Lakini mwelekeo wa mstari haujageuka.

Swali la pili ndilo linalosahaulika. Wanaopima uchafuzi wana hesabu moja ninayoipenda kwa sababu ni ya kihasibu kabisa: toa tani moja ya uchafu angani, kisha uliza ni gramu ngapi zimepita puani mwa watu. Kwa uchafu unaotoka karibu na ardhi ndani ya mji, jibu huwa makumi ya gramu kwa tani, na katika majiji makubwa yaliyosongamana huweza kupita gramu 100. Tani hiyohiyo ikitoka kwenye dohani ndefu ya mtambo wa umeme ulio mbali na makazi, zinazofika puani ni gramu chache tu.

Usizidharau gramu hizo. Uchafu unaoogopwa zaidi ni vumbi laini liitwalo PM2.5, yaani chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, karibu mara 30 nyembamba kuliko unywele. Hazikamatwi na pua wala koo. Zinashuka hadi vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia hata kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha PM2.5 kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, na kwa kipimo hicho karibu watu wote duniani, asilimia 99, wanaishi mahali ambapo hewa haifai.

Ndiyo maana tani za moshi peke yake hazitoshi kulihukumu jiji. Ukiubana mji bila kugusa kile kinachoungua ndani yake, umepunguza tani kwa sababu safari zimefupika, lakini umeongeza gramu zinazovutwa kutoka kila tani kwa sababu pua zimesogea karibu na ekzosi. Ukiutawanya, umefanya kinyume. Upande upi unashinda? Hutegemea kitu ambacho wapangaji wengi hukiachia wasanifu wa majengo, nacho ni mtaa wenyewe.

Mtaa ulio kama korongo

Turudi Barcelona, maana yaliyotokea pale ni somo lililoandikwa kwa mawe. Mwaka 1859 mhandisi Ildefons Cerdà alichora upanuzi wa mji, eneo linaloitwa Eixample. Mji wa zamani ulikuwa umefungwa ndani ya kuta, watu wamerundikana na magonjwa yanawafyeka, kwa hiyo hewa na mwanga vilikuwa kiini cha mchoro wake. Alipanga vitalu vya mraba vyenye ubavu wa mita 113 hivi, barabara za upana wa mita 20, na nyumba zisizozidi mita 16. Kila kitalu kijengwe pande mbili tu, katikati pabaki bustani.

Mita 16 kwa mita 20: nyumba ni fupi kuliko upana wa barabara. Kisha thamani ya ardhi ikapanda. Vitalu vikajengwa pande zote nne, bustani zikamezwa na karakana na maghala, kanuni zikalegezwa mara kadhaa, nyumba zikavuka mita 20 kwenda juu. Barabara ilibaki na mita zake 20. Miaka mingi baadaye ndiyo ikajazwa magari.

Tazama sasa upepo unavyopita. Nyumba zikiwa fupi na barabara ikiwa pana, upepo unaokatiza mtaa huzama, hufagia chini, hupanda tena. Nyumba zikirefuka mpaka zikalingana na upana wa barabara au kuuzidi, upepo huanza kuteleza juu ya mapaa bila kushuka, na hewa iliyo chini inabaki kujizungusha yenyewe kama gurudumu. Huenda umeshaliona gurudumu hilo: mfuko wa plastiki kwenye mtaa wa maghorofa unapanda ukutani, unavuka juu ya barabara, unashuka upande wa pili, unaburuzika kwenye lami kurudi ulikoanzia, unapanda tena. Moshi wa magari husafiri na mfuko huo.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Upepo ukivuma kutoka magharibi, mtu angedhani moshi unasukumwa mashariki, kwa hiyo atembee upande wa magharibi. Ni kinyume chake. Juu ya mapaa upepo unakwenda mashariki, lakini chini barabarani gurudumu linarudisha hewa magharibi. Njia ya miguu iliyo upande upepo unakotokea ndiyo inayopokea moshi, na tofauti ya njia mbili za miguu zinazotazamana, zilizotenganishwa na upana wa barabara tu, inaweza kufika maradufu. Kituo cha kupimia hewa kikiwekwa upande mmoja kinaweza kuusifu mtaa, kikihamishiwa ng'ambo kikaulaani.

Na hapo hatujamhesabu mtoto anayeshikwa mkono kuvuka barabara, ambaye pua yake haiko mbali sana na usawa wa ekzosi za magari yaliyosimama kwenye foleni.

Mimi ni wa upande wa mji uliobanana, sifichi. Lakini korongo la Eixample linaonyesha kwamba neno "kubanana" limebeba mambo mawili yasiyolazimika kwenda pamoja: watu wengi katika eneo dogo, na kuta ndefu zisizo na mianya. Watu haohao unaweza kuwaweka kwenye majengo ya urefu unaotofautiana, na mapaa yasiyolingana yanautikisa upepo na kuushusha chini. Unaweza kuacha nafasi kati ya jengo na jengo. Ukuta mrefu ulionyooka, wenye urefu mmoja kutoka kona hadi kona, ndio mbaya kuliko yote, na ndio rahisi kuuchora.

Mfuniko

Juu ya mtaa kuna mji, na juu ya mji kuna mfuniko. Kwa kawaida hewa ya chini huwa na joto kuliko ya juu, hivyo inapanda na kubeba moshi. Usiku wa baridi usio na mawingu, ardhi hupoa haraka na kuipoza hewa inayoigusa. Hewa baridi, nzito, inakaa chini, na yenye joto inalala juu yake kama mfuniko juu ya sufuria. Mchana wa jua kali uchafu unaweza kujichanganya katika kimo cha kilomita moja au mbili. Usiku na alfajiri kimo hicho huweza kuwa mita 100 au 200 tu. Gari linalopita saa 1 asubuhi na gari lilelile likipita saa 8 mchana hutoa moshi uleule, lakini wa asubuhi umemwagwa kwenye chumba, wa mchana kwenye ukumbi. Na binadamu tumechagua kwenda kazini asubuhi.

London ililipa bei ya mfuniko tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952. Majiko ya makaa ya mawe yaliyokuwa yakiwashwa siku zile ndiyo yaleyale ya kila majira ya baridi. Kilichobadilika ni kwamba upepo ulikufa na mfuniko ukakaa siku tano juu ya bonde la mto Thames. Hesabu ya kwanza ilitaja vifo 4,000 hivi, na makadirio ya baadaye yakafika 12,000. Sheria ya hewa safi ya 1956 ilifuata. Sehemu ya maafa ilikuwa ni umbo: mamilioni ya dohani fupi za majumbani, kila moja ikitema moshi mita chache juu ya vichwa vya watu, ndani ya jiji pana lililokaa bondeni.

Kuna majiji ambayo kijiografia ni sufuria tangu mwanzo. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, imezungukwa na milima. Kimo hicho kina oksijeni kidogo, kwa hiyo mafuta hayaungui vizuri, na jua lake kali linapika ozoni kwa wepesi.

Neno "kupika" hapa nalimaanisha. Ozoni ya chini haitoki kwenye bomba lolote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu wa Los Angeles, ule unaochoma macho, hutokana na mwanga wa jua kukutana na gesi za magari na mvuke wa mafuta. Upishi huo huchukua saa kadhaa, na wakati huo upepo haujasimama. Zaidi ya hapo, moshi mbichi wa magari katikati ya jiji huila ozoni, hivyo katikati inaweza kuwa na ozoni kidogo kuliko viungani. Moshi wa asubuhi wa Los Angeles hufika San Bernardino, zaidi ya kilomita 80 mashariki, ukiwa umeshaiva. Anayehamia viungani kukimbia moshi wa ekzosi anaweza kukuta ozoni imemtangulia.

Mji unapokua kuliko mabomba yake

Mpaka sasa nimezungumza kana kwamba jiji limekamilika, nasi tunalipima. Majiji hayakamiliki. Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2018 kwamba kufikia 2050 asilimia 68 ya watu duniani wataishi mijini, na wengi wa wanaoongezeka wanaanzia pembezoni, kabla ya lami, kabla ya umeme wa uhakika, kabla ya gari la taka. Pembezoni mwa namna hiyo huchafua kwa njia nyingine kabisa: vumbi la barabara ya udongo, taka zinazochomwa kwa kukosa pa kuzipeleka, jenereta, jiko la kuni au makaa. Takwimu za msongamano wa watu hazisemi lolote kuhusu hayo.

Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, ni mfano uliokithiri lakini ulio wazi. Katikati ya mji majengo yanapashwa joto kwa mabomba ya maji moto kutoka mitambo mikubwa. Kuzunguka hapo, kwenye miteremko ya vilima, yametanda makazi ya mahema ya kimongolia na nyumba ndogo, watu waliohamia kutoka nyikani, karibu nusu au zaidi ya wakazi wote, wasiofikiwa na mabomba hayo. Baridi hushuka chini ya nyuzi 30 hasi. Kila familia ina jiko lake la makaa ya mawe na dohani yake fupi, na mji uko bondeni. Matokeo yake hewa ya Januari imekuwa miongoni mwa zilizo chafu kuliko zote duniani. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku makaa mabichi na kuleta yaliyoshindiliwa kiwandani. Hiyo ni dawa ya kinachoungua. Ugonjwa wenyewe ni wa umbo: nyumba zilienda haraka kuliko bomba.

Barabara zina kisa chao. Jiji hujenga barabara ya mzunguko mashambani ili magari makubwa yasipite katikati. Ardhi iliyo kando yake ghafla inafikika, viwanja vinakatwa, nyumba zinafuata. Baada ya kizazi kimoja barabara ya nje imekuwa ya ndani, ina foleni, na inaandaliwa nyingine nje zaidi. Moshi wa barabara kuu hupungua kwa kasi unapoondoka kando yake: ukifika kati ya mita 150 na 300, kwa kawaida sehemu kubwa ya ziada imeyeyuka katika hewa ya kawaida ya mji. Ukanda huo wa mita mia chache ni mwembamba kwenye ramani. Ukiuzidisha kwa urefu wa barabara na idadi ya nyumba zilizoufuata, unapata mji ndani ya mji.

Jibu la kwanza la wenye mamlaka huwa kupanua. Magari yasiposimama, wanasema, yatatoa moshi mdogo, na kwa gari moja ni kweli. Houston iliipanua barabara yake kuu ya magharibi, Katy Freeway, ikakamilika 2008 ikiwa na sehemu zenye njia 26 ukihesabu na zile za pembeni. Miaka michache tu baadaye foleni zilikuwa zimerudi. Wanauchumi Gilles Duranton na Matthew Turner walionyesha mwaka 2011, kwa takwimu za majiji ya Marekani, kwamba kilomita zinazoendeshwa huongezeka karibu sawasawa na urefu wa njia zinazoongezwa. Nafasi uliyoifungua inajazwa na safari ambazo hapo awali hazikufanywa.

Kuupa upepo njia

Baadhi ya majiji yameuchukulia upepo kama mwananchi mwenye haki ya kupita. Stuttgart, Ujerumani, imo ndani ya bonde lenye upepo hafifu, na tangu 1938 halmashauri yake imekuwa na mtaalamu wa tabianchi kwenye meza ya mipango. Hewa baridi inayoteremka usiku kutoka vilimani imetengewa mapito ya kijani ambayo hayajengwi, haidhuru kiwanja kina thamani gani. Hong Kong ilichelewa: minara iliyopangwa mfululizo kando ya bahari ilikuwa imeziba upepo kiasi cha watu kuiita majengo ya ukuta. Baada ya mlipuko wa ugonjwa wa SARS mwaka 2003 suala la hewa liliangaliwa upya, na tangu 2006 miradi mikubwa ya serikali hupimwa itauachaje upepo.

Tusitie chumvi lakini. Stuttgart hiyohiyo, pamoja na mapito yake, ilisifika kwa ubaya kwa miaka kutokana na makutano ya barabara ya Neckartor, mpaka ikazuia magari ya dizeli ya zamani mwaka 2019. Upepo hupunguza makali ya kosa, haulifuti.

Miti nayo inasifiwa kupita uwezo wake. Majani hunasa chembe kiasi, ila kwa jiji zima mchango huo ni asilimia chache. Kwenye mtaa ulio kama korongo, matawi yanayokutana juu ya barabara huwa mfuniko mwingine na kuuzuia moshi usitoke. Aina kama mwaloni na mkaratusi hutoa gesi ya isopreni ambayo, kwenye jua na moshi wa magari, husaidia kupika ozoni. Ua mnene wa vichaka wa kimo cha kifua kati ya magari na njia ya miguu unaweza kumsaidia mpita njia kuliko safu ya miti mirefu. Miti ina sababu nyingine nyingi za kupandwa, kivuli kikiwa cha kwanza.

Barcelona yenyewe imerudi kwenye mchoro wa Cerdà. Tangu 2016, ikianzia Poblenou, imekuwa ikiunganisha vitalu na kuyazuia magari yasikatize katikati yao. Ndani, hewa na kelele vimepata nafuu. Hofu ni ya barabara za nje zinazobeba magari yaliyofukuzwa, maana hapo pia wanaishi watu, na mara nyingi kodi ya hapo ndiyo nafuu.

Maskini kuangukia penye moshi ni jambo la zamani. Katika miji ya viwanda ya Uingereza ya karne ya 19 upepo ulivuma zaidi kutoka magharibi na kusini-magharibi, na mitaa ya maskini ikaangukia mashariki, chini ya moshi. Dohani nyingi zimeshabomolewa, lakini katika miji mingi sura hiyo ya makazi bado ipo.

Mwaka 2003 jimbo la California lilipitisha sheria inayozuia, isipokuwa kwa masharti, kujenga shule mpya ya umma ndani ya mita 150 hivi kutoka barabara kuu ya magari. Ni miongoni mwa sheria chache zinazokubali wazi kwamba umbali ni dawa. Inahusu kiwanja cha shule mpya, shule inayoifuata barabara. Barabara inayopanuliwa kuelekea shule iliyokwishajengwa haimo.